Kufunga roboti ya kukata nyasi isiyo na waya: mwongozo kamili kwa viwanja vyenye ukuta, mabati na miembe

Malalamiko yanayoletwa na wasomaji yanafanana mno. Roboti imenunuliwa kwa pesa nzuri, imefungwa, siku ya kwanza imekata vizuri kabisa. Siku ya tatu imesimama chini ya mwembe ikisema haijui ilipo. Au imevuka mpaka na kufyeka maua ya mama mwenye nyumba. Wengi hudhani wameuziwa kitu kibovu, lakini mara nyingi mashine ni nzima. Kilichokosewa ni mahali pa antena na namna ramani ilivyochorwa.

Vitabu vinavyokuja na mashine hizi vimeandikwa kwa bustani za Ulaya: uwanja wazi, ua mfupi wa mbao, paa la vigae. Kwetu kuna ukuta wa mita 2.5, paa la bati, mwembe katikati na kichochoro cha zege kinachounganisha mbele na nyuma. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa uwanja wa namna hiyo.

## Kwanza, jua roboti yako inaonaje

Roboti za zamani zilifuata waya uliofukiwa kuzunguka nyasi. Mpya zinatumia mojawapo ya njia tatu, au mchanganyiko wake.

Ya kwanza ni setilaiti kwa mfumo wa RTK. Nyingi za Segway Navimow na Mammotion LUBA, na zile Husqvarna zenye mfumo wa setilaiti uitwao EPOS, ziko kundi hili. GPS ya simu hukosea kwa mita 3 hadi 5, na kwa kukata nyasi hilo ni kosa la kuingia kwa jirani. RTK huweka antena moja isiyosogea nje ya nyumba. Antena hiyo hupokea mawimbi ya setilaiti, hutambua kosa lililopo wakati huo, kisha huirushia roboti masahihisho kwa redio. Kosa hushuka hadi sentimita 2 hivi.

Ya pili ni leza, kama ilivyotoka nayo Dreame A1 mwaka 2024. Roboti hupiga miale pande zote na kujitambua kwa kuta, miti na nguzo inazoziona. Ya tatu ni kamera, inayotambua nyasi na vikwazo kwa picha.

Hapa ndipo wengi wanapotea kabla hata ya kulipa. Ukuta ni adui wa setilaiti lakini ni rafiki wa leza. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 chenye ukuta pande zote nne kinaifaa leza. Uwanja wa shule, hoteli au shamba lenye anga wazi unaifaa RTK, kwa sababu leza ikikosa kitu cha kugonga hupotea. Na kama nyasi zako hazifiki mita za mraba 100, sioni sababu ya kununua roboti. Mashine ya kusukuma inamaliza kazi kabla chai haijapoa.

Jambo jingine la kabla ya kununua: chukua toleo la Ulaya, si la Marekani. La Marekani huja na adapta ya volti 120 mara nyingi, na redio ya antena yake hutumia masafa ya 902 hadi 928 MHz, ambayo huku kwetu yanaingiliana na masafa ya simu ya 900. La Ulaya hutumia 868. Muulize muuzaji pia kama redio hiyo imeidhinishwa na TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

## Vitu vya kuandaa

- Bomba la chuma la inchi moja na nusu, urefu wa mita 3, kama unatumia RTK
- Mfuko wa saruji, mchanga na kokoto za kumwagia zege la shimo moja
- Pimamaji na tepu ya kupimia
- Kilo mbili za chokaa ya kupaka ukuta
- Soketi ya nje yenye kifuniko, au kebo ya nje isiyoingiza maji
- Stebilaiza, na yuupiiesi (UPS, betri ya akiba) ndogo kama ile ya ruta
- Simu ya Android yenye programu ya bure iitwayo GPSTest
- Glavu nene za kubadilishia visu
- Mashine ya kawaida ya kukatia nyasi, ya kuazima siku moja

## Hatua ya 1: Pima anga, si uwanja

Watu hupima ukubwa wa nyasi na kusahau anga iliyo juu yake. Antena ikiona setilaiti 30 na roboti ikaona 8, zitakazotumika ni zile tu ambazo zote mbili zinaziona. Kwa hiyo kupandisha antena juu sana hakutasaidia kama roboti yenyewe imejificha chini ya mti.

Fungua GPSTest, laza simu chali juu ya nyasi na uondoke hatua tatu ili mwili wako usizibe. Subiri dakika mbili. Usiishike mkononi: roboti haina kimo chako, inaona anga kutoka chini kabisa. Soma mambo mawili, setilaiti ngapi zinatumika na nguvu ya mawimbi yake. Mawimbi ya 35 dB-Hz kwenda juu ni mazuri. Chini ya 30 ni dhaifu. Rudia katikati ya uwanja, kwenye kila kona, chini ya kila mti na kichochoroni, ukiandika majibu kwenye mchoro wa mkono.

Ukuta una hesabu yake. Roboti ikiwa mita 4 na kidogo kutoka ukuta wa mita 2.5, ukuta unaziba nyuzi 30 tu za chini, na setilaiti za chini kiasi hicho hazina faida kubwa. Ikisogea hadi mita moja, upande ule unazibwa hadi nyuzi 68. Ukuta mmoja roboti nyingi zinauvumilia. Kona ya kuta mbili, juu yake tawi la mwembe, hapo ndipo zinapokwama.

Puuza ushauri wa vitabu kwamba anga ya kusini lazima iwe wazi. Huo ni wa Ulaya. Ukiwa Nairobi, Arusha au Dar es Salaam uko karibu na ikweta, na setilaiti hupita juu yako pande zote.

Umefanikiwa ikiwa: una mchoro unaoonyesha sehemu nzuri, sehemu za wasiwasi na sehemu ambazo setilaiti haziwezi. Sehemu za mwisho zikizidi robo ya nyasi, rudi dukani uulize ya leza au inayochanganya leza na setilaiti.

## Hatua ya 2: Andaa nyasi

Roboti haikusudiwi kufyeka. Visu vyake ni vidogo kama wembe, vitatu au zaidi, vinaning'inia kwenye sahani inayozunguka, na kazi yake ni kupunguza milimita chache kila siku. Vipande hivyo huangukia chini na kuoza, na nitrojeni yake hurudi ardhini. Ukiipeleka kwenye nyasi za magoti itaziba, itapata moto na kuzima.

Kata kwanza kwa mashine ya kawaida hadi sentimita 5 au 6. Nyasi za Kikuyu zina mashina yanayotambaa juu kwa juu na kutengeneza godoro. Kwaruza kwa reki ya chuma, la sivyo magurudumu yatazama na kuteleza. Ukoka ni mwepesi zaidi, lakini una tabia ya kuishia taratibu kwenye udongo mwekundu bila ukingo. Uchongee ukingo kwa jembe.

Kisha pita kwa miguu. Fukia mashimo, bomoa vichuguu vidogo, okota mawe, vigae vilivyovunjika na mbegu za embe. Pwani ongeza nazi zilizoanguka na makuti makavu. Kokwa moja ya embe inatosha kutia mapengo visu vyote kwa mkupuo.

## Hatua ya 3: Kituo cha kuchajia na umeme

Kiweke mahali tambarare, mbele yake pawe wazi angalau mita 2 ili roboti iingie ikiwa imenyooka. Kikiwekwa kwenye mteremko, roboti huja kwa pembe, vidole vya shaba havigusani, na asubuhi unaikuta imekufa chaji sentimita mbili kutoka nyumbani kwake.

Tafuta kivuli. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi joto 45, na kituo kilichoachwa kwenye jua la Dar mchana kinazifikia. Ukijenga kibanda, ezeka kwa plastiki ngumu, usitumie bati. Roboti ya RTK inahitaji kuona anga tangu inapotoka, na bati linaifunika macho.

Stebilaiza iwe kati ya soketi na adapta. Umeme ukikatika kituo hakina shida, lakini antena ikizimika roboti husimama ilipo hadi antena irudi, na huenda ni katikati ya njia ya magari. Ndiyo maana ya yuupiiesi ndogo: antena hula wati chache tu, na ile ya ruta huishikilia kwa saa kadhaa. Linganisha volti zilizoandikwa kwenye adapta ya antena na za yuupiiesi kabla ya kuunganisha.

Tahadhari: mawingu ya radi yakijikusanya, chomoa kituo na antena kabla ngurumo hazijafika. Ukiwa Kampala, Kisumu au Mwanza, ambako Ziwa Victoria huleta radi karibu mwaka mzima, lifanye hili kuwa desturi ya nyumba nzima.

## Hatua ya 4: Simika antena

Wenye leza waruke hatua hii. Wenye RTK wasome mara mbili, maana matatizo mengi ninayoletewa yanazaliwa hapa.

Kosa la kwanza ni kuifunga kwenye ubao wa ukingo wa paa kwa sababu soketi iko karibu. Hapo nusu ya anga imezibwa na nyumba, na nusu iliyobaki inakuja mara mbili: mara ya kwanza moja kwa moja kutoka setilaiti, mara ya pili ikiwa imedunda kwenye bati. Antena haiwezi kutofautisha vizuri wimbi halisi na mwangwi wake, hivyo masahihisho inayotuma yana kosa ndani yake. Roboti inayatii kwa uaminifu na kuingia kwenye maua.

Kosa la pili ni mnara wa tangi la maji. Unavutia kwa sababu ni mrefu, lakini tangi lililojaa maji huziba mawimbi ya upande wake wote, na minara mingi huyumba upepo ukivuma. Ukitaka kuutumia, antena ipite juu ya kifuniko cha tangi na mnara uwe hautikisiki.

Kosa la tatu ndilo linalowashangaza watu. Ramani yote ya roboti inapimwa kutoka antena ilipo. Antena ikilala sentimita 10 kuelekea mashariki, nyumba haihami, ila mpaka wote wa ramani unahama sentimita 10 kuelekea mashariki. Bomba lililochomekwa kwenye udongo mkavu wa Februari litalegea masika yakianza, na Aprili mwenye nyumba atalaumu programu.

Fanya hivi:

1. Chagua sehemu ya wazi iliyopata alama nzuri kwenye mchoro wako, angalau mita 2 kutoka ukuta wowote na mbali zaidi na bati.
2. Chimba shimo la sentimita 50, simamisha bomba, mwaga zege, nyoosha kwa pimamaji pande mbili. Acha likauke siku mbili kamili kabla ya kufunga chochote.
3. Kama uwanja hauna sehemu wazi, funga bomba kwenye ukuta wa nyumba kwa vibanio viwili vya chuma na upandishe antena ipite kilele cha paa. Bati likiwa chini ya antena halisumbui sana kama linavyosumbua likiwa ubavuni.
4. Shusha kebo ikiwa na kitanzi kidogo kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke pale na yasiifuate hadi kwenye adapta.
5. Washa, subiri dakika 10.

Programu ya simu huonyesha hali ya mahali. Ikiandika Float, roboti inakisia na kosa laweza kufika nusu mita. Ikiandika Fix, iko ndani ya sentimita chache. Usichore ramani kwa Float hata kama programu inakuruhusu.

Umefanikiwa ikiwa: roboti iliyowekwa katikati ya uwanja inashika Fix kwa nusu saa bila kuyumba, na ukiihamishia sehemu tatu mbaya kuliko zote kwenye mchoro, angalau mbili zinarudi kwenye Fix ndani ya dakika chache.

## Hatua ya 5: Chora ramani

Utaiendesha roboti kwa simu kuzunguka ukingo, wewe ukitembea nyuma yake. Chagua asubuhi au mchana. Katika ukanda wa ikweta tabaka la juu la anga huchafuka baada ya jua kuzama, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba, na mawimbi ya setilaiti humetameta kama taa mbovu. Anayechora ramani baada ya magharibi atapata mpaka wenye vigongo na asijue vimetoka wapi.

Baki nyuma kwa mita moja au mbili. Ukiinama juu yake unaizibia anga. Nenda polepole kwenye kona. Acha sentimita 15 kutoka ukuta, 20 kutoka matuta ya maua, na nusu mita kutoka ngazi, mtaro au bwawa. Getini rudi ndani nusu mita. Geti likiachwa wazi, roboti isiwe na sababu ya kulikaribia. Programu ikipiga kelele kwamba imepoteza Fix, simama palepale na usubiri irudi.

Vizuizi vya ndani vizungushie baada ya mpaka mkuu: kisima, mifuniko ya shimo la maji taka, mabomba yaliyojitokeza, kamba za kuanikia nguo zenye shuka refu. Mti wenye shina nene hauhitaji kuzungushiwa kama mizizi yake haijatokeza, roboti itaugusa na kugeuka.

Kichochoro cha kwenda nyuma ndicho kigumu. Programu hukuruhusu kuchora njia ya kupita kati ya sehemu mbili, lakini njia yenye upana wa mita moja kati ya ukuta na nyumba, juu yake ncha ya paa, haina anga ya kutosha. Roboti zenye kamera huvuka kipande kifupi kwa kukisia, ila usiitegemee kamera kwa mita 10. Ishike kwa mikono uipeleke nyuma mara mbili kwa wiki, ikiwa imezimwa. Si aibu.

## Hatua ya 6: Kipimo cha chokaa

Fuata mstari wa mpaka ukinyunyiza chokaa pale gurudumu la nje la roboti lilipopita. Kisha iamuru izunguke ukingo tu, visu vikiwa vimetolewa, kwa nyakati tatu tofauti za siku. Setilaiti husogea, mpangilio wa saa tatu asubuhi si ule wa saa tisa alasiri, na jaribio moja halikuambii kitu.

Angalia alama za gurudumu kwenye chokaa. Zikibaki ndani ya sentimita 5, kazi imekwisha. Mstari mzima ukihama kuelekea upande mmoja, antena imesogea. Ukihama kipande kimoja tu, hapo pana mti au ukuta unaosumbua; futa kipande hicho kwenye ramani na ukichore upya sentimita 30 ndani zaidi.

## Hatua ya 7: Ratiba, visu na wanaoishi uwanjani

Hakiki kwanza saa ya mashine. Ikiwa bado iko saa za China au Ulaya, itaamka wakati usioutarajia. Nyanda za juu anza saa nne asubuhi umande ukikauka. Pwani gawanya: saa mbili hadi saa nne asubuhi, kisha alasiri jua likipoa.

Anza na kimo cha milimita 50 au 60, ushuke milimita 5 kila baada ya siku chache. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja, utakuta manjano chini yake. Badilisha visu kila mwezi au miezi miwili, na skrubu zake pia. Skrubu iliyolika kichwa ndiyo hutupa kisu.

Usiku isitembee kabisa. Kalunguyeye wanaishi katika bustani nyingi za Kenya na Tanzania, na wakiona hatari hujikunja badala ya kukimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 huko Denmark ulijaribu aina 18 za roboti kwa mizoga ya kalunguyeye, na hakuna iliyomtambua bila kumgusa kwanza. Jiji la Cologne nchini Ujerumani limepiga marufuku kuziendesha usiku. Kamera za sasa ni bora kuliko za wakati ule, lakini mtoto anayetambaa na kobe wa bustani wasiachiwe kamera.

Mwonyeshe mlinzi na mtunza bustani kitufe chekundu cha kusimamisha, na mwache kila mmoja akibonyeze mbele yako. Weka namba ya siri na uwashe king'ora cha kuinuliwa.

## Ununue sasa au usubiri?

Kinachokuja kwa kasi ni roboti zisizo na antena nyumbani: masahihisho hupitia intaneti ya laini ya simu kutoka vituo vya nchi. Ulaya huduma hiyo inafanya kazi. Huku usinunue kwa ahadi hiyo mpaka uione ikishika Fix kwenye uwanja wako mwenyewe.

Mwelekeo wa pili ni kuchanganya leza, kamera na setilaiti kwenye mashine moja, na kwa viwanja vyetu huo ndio ningesubiria. Bei ikikaribiana, chukua hiyo na usahau habari ya zege.

Zipo pia zinazojichorea ramani zenyewe kwa kufuata ukingo wa nyasi. Pale penye ukingo wa zege zinafanya vizuri. Pale ukoka unapoishia kwenye vumbi jekundu bila mpaka, zitazunguka hadi kwenye maegesho ya magari, kwa hiyo hata ukinunua moja yake, iendeshe ramani ya kwanza kwa mkono.